Mama Pimamaji na Mlango wa Mbele wa Kiwanda cha Magunia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Pimamaji anastaafu rasmi baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ukarabati wa majengo kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mmemkuta hapa. Hata mimi nilimkuta, nikiwa mchora ramani mgeni niliyedhani nimemaliza kujifunza, na tangu siku hiyo meza yangu iko jirani na yake. Ndiyo maana mhariri wa jarida amenitwisha kazi ya kumuaga kwa niaba yenu.

Jina lake la vyeti lipo kwenye vyeti. Hili tulilomzoea lilitokana na pima maji, kile kifimbo chenye kichupa na povu ndani, ambacho hajawahi kutoka nyumbani bila kuwa nacho. Aliajiriwa kama karani wa vipimo. Wiki yake ya kwanza aliitwa ofisini kwa mkurugenzi wa wakati huo kupokea maelekezo, naye akakiweka kifimbo chake mezani, akakitazama, akamwambia mzee kwa heshima zote kwamba meza yake imeinama upande wa dirisha. Mkurugenzi alikuwa amewasumbua wafagiaji kwa muda mrefu, akiwauliza nani anaangusha kalamu zake. Alicheka mpaka akafuta machozi, na kabla ya mwezi kwisha karani wa vipimo alikuwa amehamishiwa idara ya ujenzi. Mumewe hutuambia kwamba nyumbani kwao picha haitundikwi ukutani mara moja ikaachwa ipumzike.

Kutoka hapo alipanda ngazi zote za idara: msaidizi, msimamizi, kisha mkuu wa usimamizi wa miradi. Alisimamia maghala yaliyogeuzwa madarasa, karakana iliyogeuzwa maktaba, na kiwanda cha mikate ambacho leo ni hospitali ya macho. Majengo ya viwanda vya zamani ndiyo yalikuwa ulimwengu wake. Sakafu za majengo hayo hukaa juu, usawa wa bodi la lori, kwa sababu aliyeyajenga aliwaza mizigo. Binadamu angejijua. Sasa jengo kama hilo likibadilishwa matumizi na watu wa kila aina wakaanza kuingia, kanuni inasema lazima anayetembelea magurudumu aingie kwa mlango uleule wanaoingilia wengine, kwa mteremko ambao mikono yake mwenyewe inaumudu. Kwa kila mita moja ya kwenda juu, zege liende mita kumi na mbili mbele, angalau. Likirefuka sana, liwe na mahali bapa pa kupumzikia. Kuwe na reli za kushikia pande zote mbili, na ukingo pembeni ili gurudumu lisichomoke. Kwenye karatasi ni jambo la dakika chache kuchora.

Mhariri aliniomba nitaje mafanikio yake, na hayo juu nimeyataja. Lakini mimi kazi zake zote nazipima kwa moja, ile ya kiwanda cha magunia. Sisi tuliokuwepo tunazidi kupungua, na wageni wanaisikia vipande vipande, kila kipande na chumvi yake. Basi nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani. Mwenye jengo, mfanyabiashara mchangamfu aliyependa kutuita "wataalamu wangu", alitaka kukigeuza kuwa ofisi za kupangisha, na sehemu ya chini iwe zahanati. Jengo lenyewe lilikuwa imara. Kuta nene, ukumbi mkubwa mtupu, madirisha yaliyokaa juu karibu na paa, na kando ya ukumbi chumba kidogo kilichoitwa chumba cha mizani, ambako magunia yalipimwa kabla ya kupakiwa. Mbele kulikuwa na ngazi pana za mawe, za fahari, zilizopanda kutoka barabarani hadi mlango mkuu.

Jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa mistari. Mafundi walikuwa wameshinda wakikwangua kuta, na asubuhi yake vumbi la saruji lilikuwa limetanda ukumbini kama unga uliochekechwa. Juu ya vumbi hilo kulikuwa na mistari miwili, sambamba, myembamba, iliyotoka chumba cha mizani ikaenda hadi mlango mkuu, ikageuka, ikarudi ilikotoka. Fundi wetu mkuu, ambaye kwa umbo na tabia tulimwita Zege, aliwafokea vibarua kwa kuchezea toroli.

Mama Pimamaji alichuchumaa akaitazama mistari ile. "Toroli letu lina magurudumu mangapi?" aliuliza.

"Moja," akasema Zege.

"Na aliyelisukuma alipita wapi?"

Zege akaangalia. Katikati ya mistari ile, na pembeni yake, vumbi lilikuwa limelala bila alama ya mguu. Alichukua ufagio mwenyewe akafagia, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akilifanya.

Siku chache baadaye tuliisikia sauti. Ilikuwa alasiri inayoelekea jioni, wakati mafundi wananawa mikono na kutafuta viatu vyao. Ndani ya chumba cha mizani, ambamo hapakuwa na mtu, kitu kilianza kuviringika. Kilitoka polepole kikavuka ukumbi, magurudumu mawili ya chuma juu ya sakafu ya saruji, moja likilia kidogo kila lilipozunguka, kama lililokosa mafuta. Tulikuwa zaidi ya kumi ndani ya ukumbi ule na jua lilikuwa bado linaingia madirishani. Sauti ikapita katikati yetu. Ikafika mlango mkuu, uliokuwa wazi, ikasimama pale juu ya ngazi. Ikakaa kimya kwa muda ambao mtu angeutumia kutazama chini. Kisha ikageuka, ikarudi chumbani, ikaisha.

Fundi bomba alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akatoka hivyohivyo.

Ikawa kila jioni. Kazi haikusimama, lakini ilianza kuchechemea. Vibarua wawili hawakurudi. Mpiga rangi alikumbuka ghafla kwamba ana kazi kwingine. Zege, mtu aliyewahi kulala juu ya jukwaa la ghorofa ya tano kwa sababu ya uvivu wa kushuka, akaanza kuomba ruhusa mapema akisema mkewe mgonjwa. Ulikuwa ugonjwa wa ajabu, uliompata mama wa watu alasiri tu. Mama Pimamaji alimruhusu kila mara bila kumuuliza. Yeye alibaki. Alisogea pembeni sauti ilipopita, kama unavyompisha mtu kwenye korido, kisha akaendelea kuandika vipimo vyake. Mimi nilibaki kwa sababu yeye amebaki, na nikiri kwamba nilikaa karibu na dirisha.

Ulipofika wakati wa kuvunja ngazi za mbele ili kutengeneza njia ya magurudumu, akatokea bibi mmoja. Alikuwa mzee aliyejifunga kanga vizuri, mwenye kutembea kwa tahadhari. Alisimama ng'ambo ya barabara akitazama mashine ikiyang'oa mawe, kisha akavuka akaja moja kwa moja kwa Mama Pimamaji.

"Mwanangu, mnazivunja ngazi?"

"Upande mmoja, bibi. Tunaweka njia ya mteremko, ya viti vya magurudumu."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Mnairudisha, basi."

Hatukumwelewa. Dakika chache baadaye fundi aliyekuwa kwenye mashine aliizima akatuita. Chini ya mawe ya ngazi kulikuwa na zege jingine, la zamani zaidi. Lilikuwa njia ya mteremko, ndefu na ya taratibu, iliyotengenezwa kwa mikono ya watu wasiokuwa na vifaa vingi lakini wenye subira. Juu yake, palepale ambapo magurudumu ya mtu hupita, zege lilikuwa limelika likawa laini.

Mama Pimamaji alimletea bibi kiti. Akaketi kivulini, akatusimulia, bila haraka na bila kulia.

Kaka yake alikuwa mpima mizigo wa kiwanda kile. Mkanda wa mashine ulimvuta miguu yote miwili, akapona bila miguu, akarudishwa kazini kwa sababu mizani haihitaji miguu. Wenzake ndio waliomjengea ile njia, siku zao za mapumziko, kwa saruji ya kuombaomba. Alikuja asubuhi na kurudi jioni kwa kiti chake, mwenyewe, bila kusukumwa. Kisha akaja meneja mpya. Aliona njia ile haipendezi machoni pa wageni, akataka ngazi za mawe.

"Wakamwambia, kaa ndani siku chache, ngazi zikikauka tutakutengenezea njia nyingine pembeni," alisema bibi. "Akakaa. Ngazi zikakauka. Njia ya pembeni haikutengenezwa. Meneja akasema watateuliwa vijana wanne, wawe wanambeba asubuhi na jioni."

"Akasemaje?" aliuliza Mama Pimamaji.

"Akasema magunia ndiyo yanabebwa. Yeye si gunia."

Hakutoka tena. Huko nyuma, penye kupakilia mizigo, sakafu iliishia hewani, usawa wa lori. Akahamia chumba cha mizani, akalala humo, akafanya kazi humo. Mdogo wake, huyu bibi, alimpelekea chakula na nguo safi. Kila jioni wenzake walipotoka, yeye alikuja na kiti chake hadi mlangoni, akatazama chini, na dada yake akiwa amesimama barabarani akitazama juu.

"Hatukuwa tunasema mengi," alisema bibi. "Ananiambia, 'Nenda, mdogo wangu, giza linaingia.' Nakwenda. Miaka ikapita hivyo. Siku aliyotoka, alibebwa kwenye jeneza na walewale vijana wanne, wameshakuwa watu wazima. Hakuulizwa."

Mama Pimamaji hakumwambia bibi kuhusu sauti. Nami sikumwambia. Lakini jioni ile, magurudumu yalipofika mlangoni na kusimama, nilimwona Mama Pimamaji amevua kofia yake ngumu.

Sasa nifike mahali ambapo yeye mwenyewe angependa nipaharakishe. Sitapaharakisha, kwa sababu alinikubalia kuandika yote.

Njia sahihi ilihitaji nafasi kubwa mbele ya jengo, na nafasi hiyo mwenye jengo alikuwa ameikusudia kuegeshea magari ya wapangaji wake wakubwa. Alituita mezani. Mwanasheria wake alikuwa amesoma kanuni, akapata kifungu kinachosema kwamba jengo la zamani likikosa nafasi, mteremko waweza kuwa mkali kidogo. Kifungu kipo kweli, lakini kinahusu kizingiti kifupi, kiasi cha kimo cha kiganja. Sakafu yetu ilikuwa juu ya ardhi kupita mita moja. Mama Pimamaji alisema hivyo. Mwanasheria akasema maandishi yana tafsiri zaidi ya moja. Mwenye jengo akasema, kwa upole, kwamba kuna kampuni nyingine ambazo hazina maneno mengi. Wakubwa zetu wakampigia simu Mama Pimamaji jioni hiyo wakamwambia amalizane na mteja.

Akasaini. Njia fupi, yenye urefu wa karibu nusu ya ule uliotakiwa, ikaishia mbele ya ukuta mfupi wa maegesho.

Siku wanamwaga zege, Zege alimuuliza anaonaje. "Mama yangu nisingemteremsha hapa," alijibu, akaondoka kwenda kukaa ndani ya gari.

Zege lilipokomaa na mbao zikabanduliwa, mchomeleaji alianza kufunga reli za kushikia. Jioni ya siku hiyo tulikuwa wanne pale nje: mchomeleaji chini kabisa karibu na ukuta, Zege ambaye mkewe alikuwa na nafuu, Mama Pimamaji na mimi. Magurudumu yakaanza ndani. Yakavuka ukumbi, yakafika mlangoni, yakasimama kama kawaida. Tukangoja yageuke.

Hayakugeuka. Tulisikia chuma kikigusa kizingiti kipya, kisha kikashuka juu ya zege letu. Kwanza polepole. Halafu kasi ikaanza kuongezeka, na pamoja na kasi ikaja sauti nyingine ambayo hata leo siipendi kuikumbuka: viganja vya mtu vikikwaruza chuma cha gurudumu, vikijaribu kuzuia, vikiteleza, vikijaribu tena. Kitu kikapita mbele yangu na upepo wake. Mchomeleaji akarushwa upande kama aliyepigwa bega. Kisha ukuta ukalia kishindo, vumbi la plasta likaanguka, na hapo chini, mahali patupu, gurudumu moja likaendelea kuzunguka hewani, likilia kila mzunguko, polepole, polepole, hadi likasimama.

Plasta ya ukuta ilikuwa na shimo usawa wa kiti.

Mchomeleaji hakuumia sana, alichubuka kiwiko. Zege alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Mama Pimamaji alikwenda hadi kwenye ukuta, akagusa lile shimo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumemwangusha."

Jioni iliyofuata sauti ilianza chumbani kama siku zote, lakini ilifika katikati ya ukumbi tu. Hapo ikasimama. Haikuusogelea mlango. Ilirudi nyuma kidogo, ikaja mbele kidogo, ikarudi. Mpaka hapo, sisi ndio tuliokuwa tunaiogopa sauti ile. Siku hiyo nilielewa kwamba sasa yeye ndiye anayetuogopa sisi.

Asubuhi yake Mama Pimamaji alimwita mwenye jengo. Alikuwa ameazima kiti cha magurudumu kwa watu wa zahanati waliokuwa wakijiandaa kuhamia pale, amekiweka juu, mlangoni. Mwenye jengo alikuja na gari lake, akaegesha chini, akashuka akitabasamu.

"Nimesikia habari za sauti," alisema. "Mtaalamu wangu, usiniambie nibomoe zege jipya kwa ajili ya sauti."

"Kuhusu sauti sitakuambia chochote, mzee. Nimefuta saini yangu kwa sababu mteremko ni mkali. Nilijua ni mkali nilipousaini."

"Na mkataba?"

"Utampa mwingine ukitaka. Ila kwanza simama hapo ulipo, unione nikishuka."

Zege alijaribu kumzuia, akimwita mama, akimwita dada, akimwita bosi, majina yote aliyokuwa nayo. Yeye akaketi kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magurudumu kama walivyomfundisha watu wa zahanati, akajiachia. Kwa hatua chache za mwanzo aliyadhibiti. Kisha nikaisikia ile sauti, viganja vikikwaruza chuma, na safari hii nilikuwa naviona. Mwenye jengo aliruka pembeni. Kiti kikagonga ukuta palepale penye shimo, kikapinduka, naye akaanguka juu ya mkono wake wa kushoto.

Mfupa ulivunjika. Mwenye jengo ndiye aliyemfikia kwanza. Alimwinua, akamkalisha, akavua koti lake akamfunika, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko wa mgonjwa. Alitazama juu mlangoni, akatazama ukuta, akatazama viganja vya Mama Pimamaji vilivyochunika ngozi.

"Bomoeni," alisema. Baadaye, akiwa anampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, inasemekana aliuliza swali moja tu: yule mtu wa kwanza alikaa ndani miaka mingapi. Mama Pimamaji alimjibu kwamba hata bibi mwenyewe hajui, aliacha kuhesabu.

Tulijenga upya. Maegesho yalihamia ng'ambo ya barabara. Njia mpya ilishuka kwa utulivu, ikafika kwenye sehemu bapa, pana, ambapo mtu anaweza kugeuka na kupumzisha mikono, kisha ikakunja na kushuka tena hadi usawa wa barabara. Reli pande zote mbili, zikianza kabla ya mteremko na kuendelea kidogo baada yake. Uso wa zege ulipigwa ufagio ungali mbichi usiteleze. Mlango ulipanuliwa na kizingiti kikalazwa chini. Mama Pimamaji alisimamia yote mkono ukiwa kwenye bandeji ngumu. Siku zote zege lilipokuwa likikomaa alikuja mwenyewe asubuhi kulimwagilia maji, kama anayenywesha bustani.

Reli ya mwisho ilipofungwa, bandeji nayo ikiwa imeshafunguliwa, alimtuma Zege amchukue bibi nyumbani. Hakumweleza ni kwa nini. Bibi alikuja, akasimama barabarani, mwisho wa njia, karibu na pale alipokuwa akisimama ujanani. Ilikuwa ile saa ya kunawa mikono. Mwenye jengo alikuwepo, pembeni kabisa.

Magurudumu yakaanza. Yalifika katikati ya ukumbi yakasita. Mama Pimamaji alikuwa amesimama kando ya mlango. Alisema kwa sauti ya chini, kama unavyomwambia mgeni mahali penye giza, "Njoo tu. Nimeshuka mwenyewe asubuhi hii. Iko sawa."

Yakaja. Yakafika mlangoni, yakakaa pale muda mrefu kuliko siku zote. Yakapita kizingiti bila mlio. Yakaanza kushuka, taratibu, mwendo mmoja usiobadilika, na mikono iliyokuwa ikiyashika haikuteleza. Kwenye sehemu bapa yakasimama. Alipumzika. Sina namna nyingine ya kulisema. Kisha yakakunja, yakashuka kipande cha pili, yakafika barabarani mbele ya miguu ya bibi, yakatulia.

Bibi hakushtuka. Alikuwa anatazama chini kidogo, usawa wa uso wa mtu aliyeketi.

"Umechelewa, kaka," alisema. "Twende, giza linaingia."

Akageuka akaanza kutembea. Alishika barabara ya kwenda kwao, hatua zake fupi fupi, mikono yake miwili ameitanguliza mbele kama anayesukuma kitu kisicho kizito. Sauti ya magurudumu ilikwenda pamoja naye, lile moja likilia, hadi wakakunja kona. Zege alimfuata kwa mbali kuhakikisha amefika salama. Aliporudi alituambia bibi alifungua milango yote miwili ya nyumba yake, akasubiri kidogo, ndipo naye akaingia.

Ukumbi ule haukutoa sauti tena. Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila tulipopita kumsalimu, majirani walituambia vilevile: siku hizi anapika cha watu wawili, na jioni anasikika akizungumza, mara nyingine akicheka.

Tangu mwaka ule kampuni yetu ina utaratibu ambao hauko kwenye kanuni yoyote ya serikali. Hakuna anayesaini njia ya mteremko kabla hajaketi kwenye kiti akashuka na kupanda mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya mteja. Wahandisi wapya hulalamika. Mama Pimamaji huwaacha walalamike hadi wafike katikati ya kupanda, kisha huwauliza wanaonaje. Amefundisha wasimamizi ambao leo wako katika kampuni nyingi, hata zile zisizokuwa na maneno mengi, na mwenye jengo la magunia ametupa kazi zake zote zilizofuata. Zege alistaafu kabla yake. Mkewe, tunashukuru, hajaugua tena.

Mama, kwa niaba ya mafundi, wachora ramani, madereva, wafagiaji na wakubwa waliokupigia simu ile jioni na ambao wameniomba niseme wanaikumbuka, tunakushukuru. Umetufundisha kazi, na umetufundisha kurudi nyuma bila aibu pale tulipokosea. Kapumzike na mzee nyumbani, ulale mpaka jua lichoke kukungoja, uwalee wajukuu, ubishane na yeyote umpendaye. Tunakuombea afya, siku nyingi na utulivu wa moyo.

Ukitukumbuka, pita. Huna haja ya kupiga simu kwanza. Ingia kwa mlango wa mbele.